Gogo Lililopinda

Mvua kubwa zikija na upepo wake, mgrevilea wa mpakani mwa shamba huanguka. Kabla ya jioni amekwisha kupita mchoma mkaa na bei yake ndogo. Mwezi unaofuata mwenye shamba yuleyule anakopa VICOBA ili anunue mbao za banda la kuku. Ukimuuliza, atakujibu: lile gogo lilikuwa limepinda.

Ni kweli, kiwandani wangelikataa. Miti ya nyumbani ina vifundo vingi, na mara nyingi imemeza misumari ya kamba ya kuanikia nguo. Msumari mmoja unatosha kuharibu msumeno. Lakini fundi mwenye msumeno wa mnyororo akija nyumbani kwako, ataikagua misumari kwanza, kisha atakata pale penye kona. Gogo moja bovu litakuwa magogo mawili mafupi yaliyonyooka. Mbao ya futi 3 haiezeki nyumba, lakini inatosha kigoda, mzinga wa nyuki, rafu, mlango wa banda. Mabanzi yanaziba uzio, na maranda yanatandikwa chini ya kuku. Zipange mbao kivulini juu ya mawe, uweke vijiti kati ya safu na safu hewa ipite. Wahenga walisema akiba haiozi. Gogo lililoachwa matopeni linaoza.

Tusidanganyane, si kila gogo linafaa. Msumeno wa mnyororo hula karibu milimita 8 kila unapopita. Ukipita mara nne, zaidi ya inchi moja imekuwa unga. Lililooza ndani lipeleke jikoni bila majuto.

Soma Yohana sura ya 6. Watu elfu tano wameshiba, na Bwana anawaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki. Ilikuwa mikate ya shayiri, chakula cha maskini, na aliyeagiza ndiye aliyetoka kuizidisha mbele ya macho yao. Angeweza kutengeneza mingine kesho. Hata hivyo vikapu kumi na viwili vilijaa makombo. Sisi tusioweza kuzidisha hata ubao mmoja, ndio tunaotupa kwa urahisi.

Lakini nabii Isaya, sura ya 44, anamcheka mtu mwingine wa magogo: nusu ya mti anaota moto na kuchomea nyama, na kwa kipande kilichobaki anachonga mungu na kumsujudia. Huyo naye hakupoteza kitu! Ubanaji wa matumizi ukigeuka mungu, utaanza kudai sadaka, na sadaka ya kwanza huwa malipo ya fundi. Mtu anaokoa mbao kumi kisha anamkata mpasuaji nusu ya ujira waliopatana, na jioni anajiita mwekevu. Mtume Yakobo, sura ya 5, anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kelele hizo zinamfikia Bwana.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, aliukemea utamaduni wa kutupa, akisema unawagusa watu waliotengwa kama unavyogusa vitu. Mlipe basi fundi wako, umpe na chai.

Na mbao zikizidi, katika vigango vyetu wako watoto wanaokaa chini wakati wa katekesi. Benchi la futi 3 linaketisha wawili, watatu wakibanana.