Aangukaye Kazini Asinyimwe Haki Yake

Wahenga walinena kwamba mpanda ngazi hushuka. Kibarua apandaye jukwaa la miti asubuhi, liwe la Kampala, Mbarara au Gulu, hutumaini kushuka jioni kwa miguu yake mwenyewe, akiwa na ujira wa siku mfukoni. Lakini wako wanaoshuka kabla ya wakati wao. Mti huvunjika, msumari hung'oka, ubao huteleza, na mtu aliyekuwa akibeba zege katika ghorofa ya tatu hulala chini asijiweze. Kwa jamaa yake, siku hiyo ndiyo mwanzo wa taabu ambayo huenda isiwe na mwisho.

Yanayofuata baada ya hapo, askari wengi mmeyaona kwa macho yenu. Majeruhi hupakiwa katika gari lolote lililo karibu. Jukwaa lililoanguka hubomolewa kabla ya jua kuchwa. Siku ya pili nyapara huja hospitalini na bahasha yenye fedha kidogo za pole, pamoja na karatasi ya kutiwa sahihi au dole gumba. Mgonjwa akiuliza habari za fidia, huambiwa kwamba yeye ni kibarua tu, hana mkataba wa maandishi, tena alianguka kwa uzembe wake mwenyewe. Kwa maneno hayo matatu mnyonge hunyamazishwa, ilhali hakuna hata moja kati yake linaloifuta haki yake mbele ya sheria.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 yasema kwamba mfanyakazi akiumia kwa ajali iliyotokana na kazi yake, naye akiwa kazini, mwajiri ndiye mdaiwa wa fidia. Majeruhi hatakiwi kuthibitisha kosa la mwajiri. Sheria hiyo yatamka wazi pia kwamba fidia italipwa hata kama ajali ilitokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe. Kwa hiyo aliyesahau kufunga mkanda wa usalama hakupoteza haki yake kwa kusahau. Ama kuhusu mkataba, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inautambua mkataba wa mdomo kama inavyoutambua ule wa maandishi. Mtu aliyeitwa na nyapara alfajiri, akapewa koleo na kuahidiwa malipo, huyo ana mwajiri.

Kiasi cha fidia nacho hakikuachiwa huruma ya tajiri. Mfanyakazi akifa na kuacha watu waliomtegemea kabisa kwa riziki, fidia ni mapato yake ya miezi 60. Akipata kilema cha kudumu kisichomwezesha kufanya kazi tena, kiasi ni hicho hicho, na huongezwa robo iwapo hawezi kuishi bila msaada wa mtu mwingine kila siku. Akipoteza sehemu tu ya nguvu zake, hulipwa kwa asilimia ya hasara aliyoipata. Tuseme kibarua alikuwa akipata shilingi 300,000 kwa mwezi, akavunjika uti wa mgongo asiweze tena kazi yoyote. Haki yake ni shilingi 18,000,000. Bahasha ya shilingi 200,000 ni sadaka, na sadaka hailipi deni. Makubaliano ya fidia hayana budi kuandikwa na kupata idhini ya ofisa wa kazi, wala hayawezi kushuka chini ya kiwango cha sheria.

Ikiwa sheria ni njema hivyo, mbona wengi hawaonji matunda yake? Jibu ni kwamba haki hii ina saa yake. Mwajiri hana budi kupewa taarifa ya ajali katika muda wa mwezi mmoja, na majeruhi mwenyewe au mtu mwingine kwa niaba yake. Mwezi huo mgonjwa huumaliza kitandani, mguu umening'inizwa, asijue hata jina kamili la kampuni iliyomwajiri. Atakapotoka na mikongojo, jengo limekwisha, nyapara amehama na mashahidi wametawanyika.

Katika chuo cha makadeti tulipanda ukuta wa mazoezi kwa kamba. Siku moja mwenzetu aliteleza akaanguka na kuvunjika mkono. Mkufunzi hakuuliza kwanza ni nani mwenye makosa. Aliita mganga, akaamuru kamba ile isiguswe, kisha akaandika saa, mahali na majina ya walioshuhudia. Yalichukua muda mfupi tu. Lakini karatasi ile ndiyo iliyosema kweli baadaye, wakati kumbukumbu za watu zilipoanza kutofautiana. Jeshi lilitufundisha kwamba tukio lisiloandikwa ni kama halikutokea. Mjini, kibarua hana mkufunzi wa kumwandikia.

Hapa ndipo wajibu wenu unapoanza, ndugu askari. Polisi huwa miongoni mwa wa kwanza kufika mahali pa ajali. Asiridhike kuandika kwamba "mtu ameanguka", kisha akafunga daftari. Na aandike jina la mwenye kiwanja, la mkandarasi mkuu na la mkandarasi mdogo, maana mkandarasi mkuu aliyegawa kazi yake hawezi kujificha nyuma ya yule mdogo. Aandike kimo cha jukwaa, hali ya miti na kamba, na majina ya vibarua waliokuwapo. Ajali ikiwa imeua, kazi hiyo ni nzito zaidi, kwa sababu marehemu hatarudi kutoa ushahidi na mjane wake hakuwapo.

Mwanajeshi naye asiseme kwamba jambo hili halimhusu. Ni kweli kuwa sheria hiyo ya mwaka 2000 haiwagusi wanajeshi walio katika utumishi, wenye taratibu zao. Lakini ndugu zetu na watoto wetu wamo katika majukwaa hayo, na wenzetu waliostaafu huajiriwa humo, wengine kulinda, wengine kubeba matofali. Askari anayejua kusoma na kuandika anaweza kumwandikia jirani yake barua ya taarifa kabla ya mwezi kwisha, akamwongoza kwa ofisa wa kazi wa wilaya. Amkumbushe pia kwamba mwajiri ndiye anayepaswa kumpeleka kwa daktari apimwe bila malipo, na kwamba asitie dole gumba katika karatasi ambayo hakusomewa kwa lugha anayoielewa. Ikiwa mwajiri alifanya uzembe, bado iko njia ya kumshtaki mahakamani kudai madhara, ambayo kwa kawaida hufungwa baada ya miaka 3, na huko kosa lazima lithibitishwe. Hapo ndipo daftari la polisi hupata thamani yake kamili.

Hatusemi kwamba wakandarasi wote ni waovu. Wako wenye kutoa kofia ngumu na mikanda, na wenye kukata bima ya wafanyakazi kama sheria inavyoamuru. Hao wanastahili sifa. Lakini kuanguka kuzuiwe kabla ya kulipwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, na inampa mfanyakazi haki ya kujiondoa mahali anapoona hatari. Kibarua anayekataa kupanda jukwaa bovu asiitwe mvivu, wala askari asikubali kutumiwa kumtisha.

Majengo marefu ni fahari ya taifa, nasi twayapenda. Hata hivyo mikono iliyoyapandisha ni ya raia tulioapa kuwalinda, na ulinzi huo haukomi mpakani wala katika kumkamata mwizi. Mtu akianguka, askari aliye karibu na atoe kalamu yake, aandike siku hiyo hiyo.