Hisani Isiyokuwa Hisani

Maonyesho yanayoandaliwa na jamii yenyewe ni yale ambamo wanaosimuliwa ndio wanaoamua kipi kioneshwe, wapi, na kwa maelezo gani. Yanapohusu haki za watu wenye ulemavu huandamwa na imani moja iliyoota mizizi hata kwa wasomi: kwamba kuwakabidhi usukani ni hisani, na gharama ya hisani hiyo ni kushuka kwa ubora. Mwenye ujuzi ni mtaalamu. Wenye ulemavu waulizwe maoni, wapigwe picha siku ya ufunguzi, basi.

Ushahidi unasema kinyume. Mwaka 2003 na 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walichunguza makusanyo ya makumbusho ya Uingereza. Walikuta vitu na picha tele zinazohusu ulemavu, lakini vingi vilikuwa vimefungiwa ghalani, na vilivyooneshwa mara nyingi havikuutaja. Ulipotajwa, mhusika alielekea kuwa kioja, shujaa, au wa kuonewa huruma. Haya ndiyo matunda ya wataalamu wakiachwa peke yao.

Huruma yenyewe ni mfano mzuri wa wanachokikosa. Mwaka 1990 na tena 1992, watu wenye ulemavu waliandamana London kupinga Telethon, kipindi cha televisheni cha kuchangisha fedha kwa ajili yao. Fulana zao ziliitukana huruma kwa maneno ambayo gazeti la heshima haliwezi kuyachapa. Baada ya 1992 kipindi hicho hakikurudi hewani. Mpangaji asiyeujua ugomvi huo angeweza kabisa kuitundika fulana ya namna hiyo katika sehemu ya historia ya misaada, na asione kosa.

San Francisco inatoa funzo jingine. Aprili 1977, zaidi ya watu 100 wenye ulemavu walikalia jengo la serikali ya Marekani kwa zaidi ya wiki tatu, wakidai kanuni za kuzuia ubaguzi zitiwe saini. Waliowapelekea chakula cha moto ni chama cha Wamarekani weusi cha Black Panther, na mwanachama wake Brad Lomax, aliyetumia kiti cha magurudumu, alikuwa miongoni mwa waliokalia jengo. Masimulizi mengi yaliisahau sehemu hiyo. Mwaka 2005 Patty Berne na Leroy Moore, wasanii wa eneo hilohilo, walianzisha kundi la Sins Invalid, wakisisitiza kuwa ulemavu hautenganishwi na rangi, umaskini wala jinsia. Ni vigumu kwa asiyeyaishi hayo kuyaona katika picha ya zamani.

Mtaalamu naye hafukuzwi. Makumbusho ya Wing Luke mjini Seattle yamefanya kazi kwa njia hii tangu miaka ya 1990: kamati ya wanajamii huchagua mada, masimulizi na vitu, na wafanyakazi huitumikia. Mwanga usioharibu nguo kuukuu, bima, mikataba ya kuazima vitu, urefu wa meza ili aliyeketi aone: kazi ya kitaalamu ni nyingi, tena ngumu. Manchester nako, People's History Museum ilifungua mwishoni mwa 2022 maonyesho ya historia ya harakati za watu wenye ulemavu yaliyoandaliwa pamoja nao, na yakaendelea hadi mwaka uliofuata.

Wapinzani husema jamii haina sauti moja. Kiziwi, asiyeona na mwenye maradhi ya akili hawatakubaliana. Ni kweli, na mabishano hayo yanafaa kuonekana ukutani. Sauti moja tulivu ya mtaalamu haikuwahi kuwa ya wote. Ilikuwa yake.

Kinachoshusha ubora ni kamati ya maonyesho, yaani ile inayoitwa ili ionekane. Wakuu wa makumbusho wawalipe wanakamati wenye ulemavu kama wanavyomlipa mshauri mwingine yeyote, kisha wawape mamlaka ya kukataa maelezo yasiyo ya kweli kabla hayajachapwa.