Namba Isiyo na Kizio Ni Nusu ya Kipimo

Mtoto mwenye uzito wa ratili 22, yaani pauni 22, ana takribani kilo 10. Mtoto wa kilo 22 ni mwingine kabisa, kwani huyo kwa kawaida ameshaanza shule. Hata hivyo, daftarini wote wawili wanaweza kuandikwa kwa namba moja tu: 22. Anayesoma daftari hilo saa chache baadaye hana njia ya kujua ni mtoto yupi aliyepimwa.

Tofauti hiyo si ya wanahesabu peke yao. Dozi ya parasetamoli kwa mtoto hukadiriwa kwa uzito, na kiwango kinachotumika sana ni miligramu 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 anastahili miligramu 150. Ratili zake 22 zikidhaniwa kuwa kilo, atapewa miligramu 330, zaidi ya mara mbili ya haki yake. Dozi hiyo ikirudiwa mara nne kwa siku, inavuka kiwango cha usalama, na ini ndilo linaloumia. Mizani nyingi za kidijitali zina kitufe kidogo cha kubadili kilo kuwa pauni, na kidole cha mtu yeyote kinaweza kukigusa bila kukusudia.

Yapo yanayofanana na hayo katika kisukari. Jamaa aishiye Marekani humletea mzazi wake mashine ya kupimia sukari kama zawadi. Mashine ile husoma kwa miligramu kwa desilita, ilhali kliniki ya nyumbani huandika kwa milimoli kwa lita. Sukari ya 7.0 kliniki ni ileile ya 126 kwenye mashine ya zawadi. Mgonjwa asiyeelezwa huona 126 akadhani anakufa. Hatari iliyo kubwa zaidi ni ya nukta. Kipimo cha 5.4 kwa milimoli ni cha kawaida, lakini 54 kwa miligramu ni sukari iliyoshuka mno, na mwenye nayo anahitaji kupewa kitu chenye sukari mara moja. Nukta isipoonekana vizuri, au msomaji akidhani imesahaulika, mtu anayehitaji msaada huambiwa yuko salama.

Wapo wanaodhani kwamba kujua kugawanya kwa 18 kunatosha. Hakutoshi. Namba 18 ni ya glukosi pekee. Kolesteroli hugawanywa kwa 38.7, na kreatinini ya damu iliyo katika miligramu kwa desilita huzidishwa kwa 88.4 ili kupata maikromoli kwa lita. Sababu yake ni nyepesi: miligramu hupima uzito wa kitu, na moli huhesabu idadi ya molekuli zake. Molekuli za vitu mbalimbali hazilingani kwa uzito, kama vile maembe kumi na ndimu kumi zisivyolingana mizanini. Kila kitu kina kigeuzi chake.

Mwaka 1977 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipendekeza kwamba fani ya tiba itumie mfumo wa kimataifa wa vipimo. Nchi nyingi zilifuata, nyingine zilifuata nusu, na Marekani hadi leo huripoti sukari kwa miligramu na kupima joto la mwili kwa Farenhaiti. Kwa kuwa watu, dawa na vifaa husafiri, tatizo haliwezi kumalizwa kwa tamko la nchi moja.

Itasemwa kwamba siku hizi simu hugeuza vipimo kwa sekunde moja. Ni kweli, lakini simu haijui kama namba iliyoingizwa ilikuwa ya kilo au ya ratili. Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Boeing 767 nchini Kanada iliishiwa mafuta angani kwa sababu waliokokotoa mafuta walitumia kigeuzi cha pauni mahali pa kilo, katika miaka ambayo nchi hiyo ilikuwa ikihamia mfumo wa metriki. Hesabu ya kuzidisha ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni kizio. Marubani waliitua ndege bila injini mahali paitwapo Gimli, na hakuna aliyekufa. Si kila kosa la kizio humpata rubani hodari.

Kwa hiyo linalohitajika ni nidhamu, tena isiyo na gharama kubwa. Mizani ya kliniki ya watoto ifungiwe kwenye kilo, na kitufe cha kubadili kizibwe. Kadi na fomu zichapwe zikiwa na kizio karibu na nafasi ya namba. Mhudumu aandike kipimo kama alivyokisoma, pamoja na kizio chake, kisha ndipo ageuze. Na dozi ya mtoto mdogo ikaguliwe na mtu wa pili. Dawa ya maji ipimwe kwa bomba la sindano au kikombe chenye alama za mililita, si kwa kijiko cha jikoni, kwa kuwa vijiko vya nyumba mbili havina ujazo mmoja.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Na aende kliniki na mashine yake ya sukari, na anapotajiwa namba aulize: ni namba ya nini, kwa kizio gani? Swali hilo si utovu wa adabu. Mhudumu anayelijibu kwa subira hapotezi muda, kwa maana huenda jibu lake ndilo litakalomzuia mzazi kummiminia mtoto wake dozi maradufu usiku huohuo.