Nyumba ya Kudumu ni Ipi?

Katika mazungumzo ya kila siku hapa Kenya, nyumba ya mawe au matofali huitwa "ya kudumu", ilhali ile ya miti na udongo huitwa "ya muda". Majina haya mawili hutoa hukumu kabla ya hoja kusikilizwa. Ndiyo maana mwenyeji wa Kisumu, Bondo au Homa Bay akijaliwa fedha, jambo la kwanza ni kuibomoa nyumba ya miti. Ninashikilia kwamba, kwa upande wa mazingira, hukumu hiyo ina kasoro.

Tuanze na saruji. Hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa katika joto la nyuzi 1,450 hivi, na mawe yenyewe hutoa hewa ukaa yanapochomwa, mbali na ile itokayo katika moto. Mti hufanya kinyume: hufyonza hewa hiyo unapokua. Takriban nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni, nayo hubaki ukutani muda wote nyumba isimamapo. Ama matofali ya kuchoma, tanuri lake hulishwa kuni. Anayeyachagua ili aepuke kujenga kwa miti huiteketeza miti ile ile, asibakiwe hata na ubao mmoja.

Yupo atakayeuliza: je, misitu haitakwisha? Hofu hiyo si ya bure. Profesa Wangari Maathai, aliyefariki mwaka 2011, aliusia kwamba mwili wake usiwekwe katika jeneza la mbao. Likatengenezwa la mianzi, mafunjo na magugumaji, gugu lile lile linalolisonga ziwa letu. Hata hivyo, ninavyouelewa mimi, wasia huo unatutaka tuulize mti umetoka wapi. Msitu wa Kakamega hauwezi kuwa ghala letu la mbao. Mti wa siala, ambao Waluo wameujengea tangu jadi kwa kuwa hustahimili mchwa, humea mashambani, na ukikatwa huchipua tena. Mkaratusi nao hukua upesi, mradi usipandwe kandokando ya mito na chemchemi.

Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitaka dola ihakikishe miti inafunika angalau asilimia 10 ya nchi. Mkulima mwenye nusu ekari hatapanda miti kwa ajili ya kifungu cha sheria. Ataipanda akijua kuna fundi atakayeinunua.

Msingi wa mawe, kuta za mbao zilizokaushwa vyema na paa linalozikinga na mvua: nyumba ya namna hiyo hudumu. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuuzi mbao wala saruji, lakini ndio tutakaofundisha na kuandika vitabu vya shule. Tuanze kwa kuacha kuiita nyumba ya mbao "ya muda".