Shylock bepari, na Antonio je?

Washkaji, pale Nassa sekondari tulisoma Mabepari wa Venisi, ile tamthiliya ya Shakespeare aliyoitafsiri Nyerere, ikatoka 1969. Darasa likammaliza Shylock: bepari, mnyonyaji, basi!

Ticha akauliza, mbona Antonio mwenye meli hamumtaji? Kiingereza kinasema mfanyabiashara mmoja, Nyerere kaandika mabepari, wengi. Sasa Shylock anatemewa mate kwa fedha zake au kwa Uyahudi wake?

Kimyaa. Kisha akajibu kijana wa mnunuzi wa pamba, ambaye wenzake walishambandika jina la Shylock: "Utajiri hautemewi mate, ticha. Baba anaamkiwa mpaka na wazee."

Ticha akafungua ukurasa wa mahakamani, Shylock anapolazimishwa kuwa Mkristo. Safari hii hakucheka mtu.