Sindano na Dawa ya Kunywa katika Tiba ya Nimonia

Si jambo geni katika zahanati zetu kumwona mzazi akirudi nyumbani na kinyongo kwa kuwa mtoto wake mwenye nimonia hakudungwa sindano. Huhesabu kwamba amepewa nusu ya tiba. Imani hiyo haikuzuka bure: kwa miaka mingi hospitali zenyewe zilimlaza mtoto ambaye sehemu ya chini ya kifua chake hubonyea anapovuta pumzi, zikamdunga penisilini kila baada ya saa 6.

Mazoea, hata ya madaktari, si ushahidi. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa nchi 8, Zambia ikiwa miongoni mwao, kwa watoto 1,702 wenye nimonia ya namna hiyo. Baadhi walidungwa penisilini, wengine wakanyweshwa amoksilini, na kura ndiyo iliyoamua. Baada ya saa 48 tiba ilikuwa imeshindwa kwa asilimia 19 ya kila kundi. Walitokea wataalamu waliosita kuyapokea matokeo hayo kwa ajili ya watoto wa Kenya, nao hawakukosea kudai ushahidi wa nyumbani. Ushahidi huo ulichapishwa mwaka 2015: tiba ilishindwa kwa asilimia 7.7 ya waliokunywa amoksilini na asilimia 8.0 ya waliodungwa. (Asilimia za tafiti hizi mbili zisilinganishwe zenyewe kwa zenyewe, kila kundi hupimwa na mwenzake wa utafiti uleule.)

Mwanafunzi na atue kwenye neno kura. Kama uchaguzi ungeachiwa daktari, sindano ingewaangukia walio taabani zaidi, na vifo vyao vingehesabiwa juu ya sindano isiyo na kosa.

Maelezo yake ya kikemia hayana ajabu. Penisilini ya sindano huharibiwa na asidi ya tumbo. Amoksilini huivumilia, ikafyonzwa vizuri katika utumbo na kufika mapafuni kwa njia ya damu. Huko zote mbili huzuia bakteria kujenga kuta za seli zao.

Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani limependekeza watoto hao watibiwe nyumbani kwa amoksilini. Mhudumu anayekubali kudunga ili tu kumridhisha mzazi humtia mtoto maumivu bure na kukijaza kitanda kinachohitajiwa na mwingine: yule asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyepoteza fahamu. Huyo ndiye wa sindano.