Aberdaron Si ya R. S. Thomas Peke Yake

Jamani wapenzi wa fasihi, tuseme ukweli: nyingi ya hizi ziara zetu za "kufuata nyayo za mwandishi" ni utalii wa kawaida tu. Nasema hivi baada ya kufika Aberdaron, kijiji cha pwani karibu na ncha ya rasi ya Llŷn, kaskazini-magharibi mwa Wales.

Wasomaji wengi huenda pale kwa ajili ya mshairi R. S. Thomas, aliyekuwa kasisi wa kijiji kuanzia 1967 hadi 1978. Kanisa la Mtakatifu Hywyn liko ufukweni kabisa. Ukisimama makaburini unasikia mawimbi. Unaingia, unapiga picha, unakunywa chai, unaondoka. Eti umehiji!

Thomas alilelewa kwa Kiingereza, akajifunza Kiwelisi ukubwani. Mashairi aliendelea kuyaandika kwa Kiingereza, na jambo hilo lilimsumbua. Tawasifu yake ya 1985, Neb, aliiandika kwa Kiwelisi. Sasa wewe unamsoma kwa Kiingereza, halafu lugha iliyomnyima raha unaisifia kuwa "tamu masikioni", kana kwamba ni ndege wanalia. Lugha si mandhari, bwana.

Hebu toka nje ya kanisa. Kijiji hicho ndicho kilichomzaa Dic Aberdaron (1780–1843), mzururaji aliyejifunza mwenyewe Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, akaandaa na kamusi. Ukielekea Pwllheli kuna Penyberth. Mwaka 1936 mwandishi wa tamthilia Saunders Lewis na wenzake wawili walichoma moto ujenzi wa kambi ya mafunzo ya ndege za mabomu, kisha wakajipeleka polisi wenyewe. Baraza la wazee wa mahakama la Caernarfon lilishindwa kuafikiana, kesi ikahamishiwa London, wakafungwa miezi tisa. Hiyo nayo ni historia ya fasihi. Mbona hatuipigi picha?

Mtaniambia watalii wanaleta pesa. Sikatai. Lakini wengine wananunua na nyumba, wanazilalia wiki chache za kiangazi, na kijana wa hapo hapo hawezi tena kumudu bei. Abersoch, pwani hiyo hiyo, shule ya msingi ilifungwa mwishoni mwa 2021 kwa uchache wa wanafunzi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mgeni anakuja, mwenyeji anahama. Na akihama, anahama na lugha: sensa ya 2021 ilikuta wanaozungumza Kiwelisi ni asilimia 17.8 tu ya watu wa Wales. Gwynedd, eneo lenye Aberdaron, ni asilimia 64.4. Yaani hapo ndipo ngome ilipobaki.

Sisi tunanuna mtu akija Zanzibar na Gurnah wa Kiingereza mkononi, hajawahi kumsikia Said Ahmed Mohamed. Tuna haki kununa. Basi tusiende kwa watu kufanya yale yale.

Ukitaka kwenda, nenda. Ila kabla ya kukata tiketi msome Kate Roberts, msome Caradog Prichard, hata kwa tafsiri. Hao ni wa Gwynedd na waliandika kwa Kiwelisi. Kisiwa kile cha mbele kiite Ynys Enlli, wanavyokiita wenyewe. Na ukipewa chai yako, sema diolch. Asante haijawahi kumshinda mtu.